Mifupa ya gari: Chesisi ya gari la kale inapokatwa ili kupisha magurudumu makubwa

Katika mitaa ya Miami, jimboni Florida nchini Marekani, si ajabu kuliona gari la Chevrolet Impala la mwaka 1973 likipita taratibu, limesimama juu ya magurudumu ambayo kimo chake kinakaribia kiuno cha mtu mzima. Rangi yake hung'aa kama peremende, na wapita njia hugeuka kulitazama.

Wachache kati yao hujiuliza swali ambalo fundi angeliuliza kwanza: magurudumu yale yameingiaje mahali pale? Gari hilo lilipotoka kiwandani lilivaa rimu za inchi 15. Sasa limevaa za inchi 26, na wapo wanaofika inchi 30 na zaidi.

Jibu liko chini ya gari, mahali ambapo rangi haionekani. Ili gurudumu la namna hiyo lizunguke na kukata kona bila kugusa chuma, mara nyingi chesisi yenyewe, yaani mifupa inayobeba injini, bodi na abiria, hulazimika kukatwa na kuundwa upya. Hapo ndipo mapambo yanapogeuka kuwa suala la usalama, na katika baadhi ya nchi, suala la sheria.

Swala aliyeitwa punda

Jina la gari hilo limetoka Afrika. Impala ni mnyama yule ambaye kwa Kiswahili huitwa swala pala, na neno lenyewe liliingia katika Kiingereza kutoka lugha ya Kizulu. Chevrolet ilianza kulitumia kwa toleo la mwaka 1958, na nembo ya gari ikawa swala anayeruka.

Inaelezwa kwamba vijana wa mitaani waliitazama nembo hiyo wakamwona punda, wakalifupisha neno la Kiingereza la mnyama huyo na kupata jina la "donk". Hivyo ndivyo swala pala alivyovuka bahari na kugeuka punda, na jina likashika.

Kwa wapenzi halisi wa mtindo huo, donk ni Impala au Caprice iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1976 tu. Ni gari kubwa mno, lenye urefu wa takriban mita tano na nusu na uzito unaokaribia tani mbili. Mtindo ulianzia Florida ya kusini, hasa katika mitaa ya Wamarekani weusi, ukaenea hadi Georgia, Carolina na kwingineko, na leo magari ya aina hiyo hushindanishwa hata katika mbio za masafa mafupi.

Wamarekani walianza kukata chesisi zamani kabla ya donk. Vijana wa California walikuwa wakizikata chesisi za magari ya Ford ya miaka ya 1920 na 1930 ili yakae chini zaidi. Baadaye wakimbizaji wa mbio za masafa mafupi wakazikata ili matairi mapana ya nyuma yapate nafasi. Tofauti ni kwamba wale walitaka mwendo, ilhali mwenye donk hutaka kimo.

Hesabu ya nafasi

Tairi la awali la Impala hiyo, pamoja na rimu yake, lina kimo cha takriban sentimita 71. Rimu ya inchi 26 iliyovishwa tairi jembamba la ukubwa wa 255/30 hufikia sentimita 81 hivi. Tofauti ni sentimita kumi, na kwa asiye fundi, sentimita kumi si kitu.

Lakini gurudumu hukua kutoka katikati kwenda pande zote. Nusu ya sentimita hizo kumi huenda chini na kuinyanyua ekseli. Nusu ya pili huenda juu, kuelekea madigadi. Kwa hiyo gari linapopita kwenye shimo na gurudumu kupanda, tairi hukutana na bati la bodi likiwa limebakisha sentimita tano ambazo zamani zilikuwa wazi.

Zaidi ya hayo, sentimita tano nyingine huongezeka mbele na tano nyuma. Dereva anapokata usukani hadi mwisho, ukingo wa nyuma wa tairi la mbele huzunguka na kuingia ndani ya gari, na humo ndani ndimo chesisi ilimo.

Magari mengi madogo ya leo hayana chesisi ya kujitegemea. Bodi yake ni kama sanduku la bati lililochomelewa, na sanduku hilo ndilo linalobeba kila kitu. Impala ya miaka ya 1970 ni ya kizazi kingine: bodi ni kitu kimoja na chesisi ni kitu kingine, vimefungwa pamoja kwa bolti zenye mipira katikati ili kupunguza mtikisiko.

Tangu mwaka 1958 hadi 1964 Impala ilikuwa na chesisi yenye umbo la herufi X. Kuanzia toleo la mwaka 1965 Chevrolet ikatumia chesisi ya kuzunguka. Boriti zake mbili ndefu hupita pembezoni, chini ya milango, kisha hujikunja kuingia ndani kabla ya kufika kwenye magurudumu ya mbele, na vivyo hivyo kwa nyuma, ambako pia hupanda na kupita juu ya ekseli kama daraja.

Mikunjo hiyo ndiyo yenye kesi. Mbele, tairi kubwa huugonga mkunjo linapokata kona. Nyuma, tairi pana husugua ubavu wa boriti, na kama gari limeshushwa badala ya kunyanyuliwa, ekseli hugonga daraja kutoka chini.

Kabla ya kushika msumeno

Fundi mwenye busara huanza kwa kutafuta njia ya kutokata. Ziko kadhaa, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni kuchagua rimu ambayo uso wake wa kufungia nati umesogezwa ndani au nje, ili gurudumu likae mbali na boriti. Milimita 15 tu zaweza kumaliza ugomvi kati ya tairi na chuma. Lakini gurudumu likisogezwa nje kupita kiasi huelemea bereingi, na usukani huwa mzito na wa kuvuta.

Ya pili ni kuongeza vizuizi vya usukani, ili magurudumu yasikate kona hadi mwisho. Gari halitagusa chuma, ila litahitaji uwanja kugeuka. Mwenye gari la urefu wa mita tano na nusu ambalo haligeuki barabarani hugundua upesi kwamba ametatua tatizo moja na kununua jingine.

Ya tatu, inayotumika sana kwa donk, ni kulinyanyua gari kwa springi ndefu zaidi au kwa vipande vya chuma vinavyowekwa juu ya springi. Njia hii huipa madigadi nafasi, lakini mikono ya chuma inayobeba magurudumu ya mbele huinamia chini kupita pembe iliyokusudiwa na kiwanda. Boljointi hufanya kazi zikiwa zimepinda, propela shafti huzunguka ikiwa na pembe kali kwenye viungio vyake, na magurudumu huacha kutazama mbele kwa unyoofu kila gari linapopanda na kushuka. Ndiyo maana mafundi wa donk huibadilisha mikono hiyo au kuiongezea vyuma vya kuiimarisha.

Njia zote tatu zikitumika na tairi bado linagusa, ndipo msumeno huchukuliwa.

Ubao, mwanzi na kanga

Kwa nini kukata boriti ni jambo zito? Mfano wa ubao unatosha. Ubao mpana ukilazwa juu ya mtaro, mtu akiukanyaga, hupinda. Ubao uleule ukisimamishwa kwa ubavu wake humbeba bila kulalamika. Uzito wa mbao haukuongezeka. Kilichoongezeka ni kimo.

Ugumu wa boriti dhidi ya kupinda hutegemea kimo chake kikizidishwa mara tatu kwa chenyewe. Ubao wenye kimo cha sentimita kumi ukikatwa hadi kubaki sita, pale palipokatwa hubakiwa na kiasi cha sehemu moja tu kati ya tano za ugumu wake. Boriti ya chesisi ina uwazi ndani na hesabu yake si hiyohiyo, lakini mwelekeo ni uleule: hasara ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho.

Isitoshe, boriti inapobeba mzigo, chuma cha juu na cha chini ndicho kinachoteseka zaidi. Upande mmoja hubanwa, wa pili huvutwa. Chuma cha katikati, kwenye mbavu, hupumzika kwa kiasi. Kwa bahati mbaya, anayetaka kuipisha ekseli hulazimika kukata kutoka chini, yaani palepale panapofanya kazi ngumu.

Waliowahi kushuhudia chesisi za malori zikirefushwa katika karakana za Afrika Mashariki wataikumbuka kanuni hii kwa sura nyingine: fundi makini hukataa kutoboa tundu kwenye ukingo wa juu au wa chini wa boriti, na hutoboa ubavuni.

Kuna adui wa pili, naye ni msokoto. Gurudumu moja linapopanda ukingo wa barabara na mengine yakabaki chini, chesisi nzima husokotwa. Mwanzi mzima haukubali kusokotwa kwa mkono, lakini mwanzi uleule ukipasuliwa kwa urefu hujisokota kwa urahisi. Boriti iliyoundwa kama sanduku ni mwanzi mzima. Mara fundi anapoitoboa upande mmoja na kuiacha wazi, ameupasua mwanzi.

Adui wa tatu ni ufa. Kanga iliyochanwa kidogo kwa mkasi huendelea kuchanika kutoka palepale mkasi ulipoishia. Chuma nacho ni vivyo hivyo: pembe kali iliyoachwa na msumeno hukusanya nguvu zote, na kila shimo la barabarani huurefusha ufa kwa kiasi kisichoonekana. Miezi hupita, pengine miaka, kisha siku moja boriti hukatika gari likiwa kwenye mwendo wa kasi.

Kukata na kufunga

Kazi yenyewe huanza bila cheche yoyote. Gari huwekwa juu ya stendi imara, sakafu ikiwa sawasawa, kisha chesisi hupimwa kwa mshazari: kutoka tundu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo hivyo viwili vikilingana, chesisi imenyooka. Visipolingana, pengine gari liliwahi kugongwa, na kuikata chesisi iliyokwisha kupinda ni kuuchomelea upotovu ili usiondoke tena.

Kutu huchunguzwa kwa nyundo. Gari la umri wa miaka hamsini lililoishi karibu na bahari, au katika majimbo ya kaskazini ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, laweza kuwa na boriti nzima kwa nje na nyembamba kama kopo kwa ndani. Chuma cha namna hiyo hakishiki mshono.

Tangi la mafuta hushushwa na kutolewa nje ya karakana. Tangi linaloonekana tupu hubaki na mvuke unaoweza kulipuka kwa cheche moja. Mabomba ya breki na ya mafuta, ambayo katika gari hilo hupita juu ya chesisi, hufunguliwa na kusogezwa, na betri hutolewa waya zake.

Kisha vyuma vya muda huchomelewa kukingama kati ya boriti mbili, ili chesisi isifunguke wala kujibana pale itakapokatwa. Kipande kitakachozibia pengo hutengenezwa kwanza, kwa kukata karatasi ngumu na kuijaribisha, kabla boriti haijaguswa. Upande mmoja hukatwa na kumalizwa, ndipo wa pili huanza. Mafundi waliokata pande zote mbili kwa pamoja wana hadithi ndefu za kusimulia kuhusu magari yaliyokwenda upande kama kaa.

Pengo hukatwa kwa umbo la nusu duara au la herufi C, bila kona, na kingo zake husuguliwa ziwe laini. Ndani yake huingizwa bati lililokunjwa kufuata umbo hilo, na boriti hufungwa tena pande zote iwe sanduku. Juu ya mshono, kwenye ubavu, huongezwa kipande chenye ncha mbili kama almasi, ili mshono usikae katika mstari mmoja uliosimama. Mstari wa namna hiyo ndio ambao boriti huchagua kukatikia.

Hapa kuna kosa la mafundi wenye nia njema: kutia chuma kinene kupita kiasi. Kama boriti ya awali ina unene wa milimita tatu, kiraka cha milimita tatu au zaidi kidogo kinatosha. Kiraka cha milimita kumi hakipindi kabisa, kwa hiyo mateso yote huhamia pale kinapoishia, na chuma cha zamani hupasuka pembeni mwake. Mwenye gari husema alitiliwa chuma cha kutosha na hata hivyo kimekatika. Kimekatika kwa sababu hiyohiyo.

Joto nalo huhitaji subira. Mshono mrefu ukipigwa kwa mkupuo mmoja huivuta boriti ikapinda. Kwa hiyo fundi hupiga vipande vifupi, upande huu na upande ule kwa zamu, na kuacha chuma kipoe chenyewe. Kumwagia maji ili kuharakisha hukifanya chuma kiwe kigumu na chepesi kupasuka. Baadaye mshono hupakwa rangi nyekundu yenye kupenya, hufutwa, na kama kuna ufa, rangi hujitokeza tena kama uzi.

Kwa upande wa nyuma, kazi huwa kubwa zaidi iwapo mwenye gari anataka upana. Hatua ya kwanza ni kusogeza ndani bati la banda la gurudumu hadi liiguse boriti, na ekseli hufupishwa ili matairi mapana yajifiche chini ya bodi. Hatua hiyo haigusi chesisi. Anayetaka zaidi ya hapo hulazimika kuikata sehemu yote ya nyuma ya chesisi na kujenga nyingine yenye boriti zilizokaribiana. Kiti cha nyuma aghalabu hupotea. Hiyo ilikuwa njia ya magari ya mashindano, na katika miaka ya 1980 ikawa mtindo hata kwa magari ambayo hayakuwahi kuuona uwanja wa mbio.

Deni linalobaki barabarani

Chesisi ikishafungwa vizuri, magurudumu makubwa bado yana madai yao. Breki ni la kwanza. Kadiri gurudumu linavyokuwa kubwa ndivyo diski ileile inavyokuwa na nguvu ndogo ya kulisimamisha. Kwa kipimo cha sentimita 71 kwenda 81, nguvu inayofika barabarani hupungua kwa takriban asilimia 12, bila kuhesabu kwamba gurudumu jipya ni zito zaidi na uzito wake uko mbali na kitovu, hivyo likishazunguka halitaki kusimama.

Spidomita nayo husema uongo. Inapoonyesha maili 70 kwa saa, gari liko kwenye maili 80. Polisi wa barabara kuu hawaulizi ukubwa wa rimu kabla ya kuandika faini.

Injini huhisi kana kwamba gia zote zimekuwa ndefu, gari huwa zito kuondoka, na ndiyo sababu wengi hubadilisha meno ya difu. Ubavu wa tairi, ambao zamani ulikuwa na sentimita 16 za mpira na hewa za kulainisha shimo, sasa una chini ya nane. Nguvu ambayo tairi lilikuwa likiimeza hupita moja kwa moja hadi kwenye boljointi na, mwisho wa safari, kwenye ule mshono wa chesisi.

Kwa anayenunua gari lililokwisha kubadilishwa, na soko lake ni kubwa Marekani, Uingereza na hata katika nchi za Ghuba, maswali ni machache. Je, zipo picha za chesisi ikiwa wazi, kabla haijapakwa rangi? Mishono ni ya mawimbi yaliyo sawa au ni madonge? Je, chini ya gari pamepakwa lami nzito mpya palepale penye mkunjo? Lami mpya juu ya chuma cha zamani ni pazia, na mnunuzi ana haki ya kuomba lifunuliwe.

Je, bado ni gari lilelile?

Nchini Marekani kila jimbo lina sheria zake. California, kwa mfano, huweka kikomo cha kimo cha chesisi kutoka ardhini, ambacho kwa magari ya kawaida ya abiria ni inchi 23, yaani kama sentimita 58. Jimbo hilohilo limekuwa na sheria tangu miaka ya 1950 inayokataza sehemu yoyote ya gari kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Kwa hiyo mwenye kunyanyua na mwenye kushusha wote wana mstari wao.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi, ikauliza swali ambalo karibu ni la kifalsafa: gari lililobadilishwa mifupa ni gari lilelile?

Kwa miaka mingi shirika la usajili wa magari la nchi hiyo, DVLA, lilijibu kwa pointi. Chesisi ya awali isiyobadilishwa ilipewa pointi 5. Saspensheni ilipewa 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, na injini, ambayo wengi huiona kuwa moyo wa gari, ilipewa 1 tu. Gari lililobadilishwa sana lilihitaji pointi 8 ili kubaki na namba yake. Likikosa, lilipaswa kukaguliwa upya na lingeweza kupewa namba inayoanza na herufi Q, ambayo humtangazia kila mtu kwamba asili yake ina utata.

Uzito wa pointi hizo ulionyesha mawazo ya serikali. Injini huja na kuondoka. Chesisi ndiyo gari. Mkato mdogo wa kupisha tairi ulitosha kuzitia shakani pointi zote tano.

Wapenzi wa magari ya kale walilalamika kwa muda mrefu kwamba kanuni hiyo iliwaadhibu hata waliofanya marekebisho madogo na salama. Hatimaye, kuanzia tarehe 26 Agosti mwaka 2025, DVLA ilibadili msimamo wake. Gari ambalo chesisi yake imefanyiwa mabadiliko makubwa sasa laweza kubaki na utambulisho wake wa awali, mradi mwenyewe aiarifu idara hiyo. Aliyetengeneza gari lake na kulirudisha jinsi lilivyokuwa hahitaji kutoa taarifa, ikiwa sura yake na maelezo yaliyo kwenye hati hayakubadilika.

Utambulisho, hata hivyo, hautoi misamaha mingine moja kwa moja. Tangu Mei mwaka 2018 magari mengi yaliyotimiza miaka 40 nchini humo yamesamehewa ukaguzi wa kila mwaka, lakini si yale yaliyobadilishwa kwa kiasi kikubwa katika miaka 30 iliyopita. Kampuni ya bima nayo isipoambiwa yaweza kukataa kulipa siku ya ajali. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu kubadilisha injini au chesisi bila idhini ni kosa la trafiki ambalo laweza kusababisha faini na gari kuzuiwa, na mwenye kuingiza gari la aina hiyo kutoka Marekani hana budi kuulizia masharti kabla halijapakiwa melini.

Kuna wanaolikwepa suala zima kwa kununua chesisi mpya. Viwanda vidogo vya Marekani huziunda kwa ajili ya baadhi ya magari ya kale, zikiwa tayari na nafasi ya matairi mapana na saspensheni ya kisasa, na bodi ya zamani hufungwa juu yake kwa bolti. Bei yake humpa mtu usingizi mwembamba, lakini chesisi ya awali hubaki nzima, na siku mwenye gari akichoka, au mrithi wake akitaka kuliuza kama lilivyotoka kiwandani, vyote vyaweza kurudishwa mahali pake.

Anayeamua kukata ile ya awali ana jambo moja la kutazama kabla ya kuwasha mashine. Katika magari mengi ya Marekani ya kizazi hicho, sehemu ya namba ya utambulisho imegongwa kwenye chuma cha chesisi chenyewe, mara nyingi mahali pasipoonekana mpaka bodi inyanyuliwe. Kwa sheria ya shirikisho la Marekani, kuondoa au kubadili namba hiyo kwa makusudi ni kosa la jinai. Fundi anayejua kazi yake huitafuta kwa brashi ya waya na tochi, huipiga picha, na kuchora kwa chaki mstari ambao msumeno hautauvuka.